Rangi Ulizonyang'anywa

Mjukuu wangu Wanjiru,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu tulipomzika mama yako. Sisi hapa Gakindu tu wazima, na kahawa imeiva. Lakini barua yako imenikasirisha. Baba yako amekunyang'anya rangi unazomchorea mama yako, ati kuchora ni utoto, nawe unaniuliza kama ni kweli.

Si kweli. Najua, kwa sababu nami niliwahi kufanya ujinga huo.

Uhuru ulipokuja, kaka yangu hakurudi kutoka msituni alikokwenda kuupigania. Mama yangu alikaa mlangoni kutwa, akisokota nyuzi za mkonge juu ya paja na kusuka vikapu vya vyondo. Nilikuwa mwalimu mpya, nikaona haya. Nikazificha nyuzi zake. Nikamwambia, "Mama wa mwalimu hasokoti nyuzi mbele ya watu. Pumzika."

Akapumzika. Akaacha kula, akaacha kusema.

Jirani yetu Nyambura alinifuata shuleni, mbele ya wanafunzi. "Wewe mwalimu, hizo shule zako zilikufunza nini? Mama yako alikuwa akilia kwa mikono, nawe umemfunga!"

Nilimrudishia mama nyuzi zake siku hiyohiyo. Hakunishukuru. Alisokota mpaka jioni, kisha akalitaja jina la kaka yangu kwa mara ya kwanza, akaomba uji.

Baba yako ni mwanangu, na hasira yangu kwake haijapoa. Nimemwita Jumapili baada ya ibada, aje na rangi zako. Akikataa, utahamia kwangu usome hapa Gakindu. Tukishaamua, nitakuandikia kabla baba yako hajafika nyumbani.

Babu yako