Bwana Yangu Anataka Mama Agonjwe Juu ya Viza

Mupendwa Mama Myriam, mushauri wetu wa radio, haya inanikamata lakini ninaomba unisaidie, bwana yangu Michée anafanyaka comptabilité, ni kusema hesabu ya feza, ya kampuni moja ya Canada kwa mashini ya ordinateur, hapa hapa kwetu Karavia, Lubumbashi, na tulikuwa muzuri tu, mupaka rafiki yake Israël alimudanganya asema muntu akilala inchi ingine na patron, mukubwa wa kazi, iko inchi ingine, hakuna serikali itamulipisha impôt, ile kodi ya kila mwaka, basi akabeba mashini, akapita Kasomeno, akavuka muto Luapula pale Kasenga, akaenda kukaa Zambia kwa mama yangu Victorine mwenye kuuzisha samaki, na viza ya kutembea tu, na pale ba-agent ba immigration balimuuliza sababu akajibu, "Mama mukwe iko mugonjwa sana, ninakuja kumulinda." Kumbe kila asubui anavaa kravati, anaketi kwa barza ya mama, anapigia bazungu makelele ya réunion, mikutano ya kazi, majirani bote banasikia, mupaka agent wa immigration akafika kuangalia ule mugonjwa, akakuta mama iko na kitunga ya samaki kwa kichwa, anaimba. "Mama, unajisikia namna gani?" Mama akajibu, "Mimi? Niko nguvu. Ni huyu mukwe njo mugonjwa, anasema peke yake na mashini muchana muzima." Nilicheka, kisha nikalia, juu ba-agent bamebeba paseport yake, na sasa ananitelefona bila kuchoka: "Syntiche, ambia mama yako alale kwa kitanda, akohoe kidogo, ba-agent banarudi." Mama anakataa, asema kumulalisha mama mukwe mbele ya bantu ni kuvunja bukwe. Michée asema nikikosa kumusaidia, sipendi ndoa yetu. Nisikilize nani?

Syntiche, Karavia

Syntiche mutoto yangu, pole. Lakini acha nicheke kwanza. Bwana yako anahesabia bazungu makuta yao, na hakujua kama ukikimbia impôt huku, unaweza kuikuta inakungojea ng'ambo! Kazi ni kazi, hata patron akiwa Canada. Viza ya kutembea ni ya kutembea. Impôt inaangaliaka muntu anakaa wapi, anafanyia kazi wapi, inchi zilipatana namna gani. Hizo hazifundishwi kwa meza ya bière, kwenye Israël alisomea.

Na wewe? Ulimuona anafunga mizigo, ukanyamaza. Ulifikiri makuta ya ile impôt itageuka kitenge yako. Sema hapana, nisikie.

Sasa shika hii. Mama asilale, asikohoe. Leo uongo ni ya Michée peke yake; mukimusaidia, ba-agent batakuwa na baongo batatu. Mutelefone sasa: aende mwenyewe immigration, aseme ukweli, alipe amende, malipo ya kosa, kama bamemupa, arudi Lubumbashi. Akifika, aambie patron yake alikuwa wapi, kisha atafute muntu mwenye kujua sheria ya impôt, mwenye ofisi na mulango. Kama anapenda kweli kufanyia kazi Zambia, aombe ruhusa ya kazi mbele ya kuvuka. Na atume bantu bakaombee musamaha kwa mama mukwe, namna desturi inataka.

Akikujibu atabaki kule mupaka mambo ipoe, mwambie hivi: serikali inaweza kusahau muntu. Mama mukwe, hapana.