Usimrudishe Dada

Juu ya duka la vioo,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo na mguu wako? Na Mkazamjomba, kikohozi kimemwachia? Sisi tuna uzima wa kutosha kushika kalamu. Mengine nayaandika, maana kwenye simu ulimi hunigandia.

Bila shaka Shemeji amekupigia akasema Dada aliteleza bafuni. Hakuteleza. Shemeji alimkaba kwa mikono miwili hadi macho yakamgeuka, kisha akambamiza kichwa mlangoni. Dada alifika kwetu pekupeku. Shingoni hakuwa na alama, sauti tu ilikwaruza. Mama akasema atalala, ataamka salama.

Sikuridhika. Tangu nimalize shule najitolea kupanga vitabu maktaba ya chuo. Nilikaa kwenye kompyuta ya majarida ya mtandaoni, nikaandika: "Habari, samahani, dada yangu amekabwa na mumewe, je, yuko salama?" Haikuleta kitu. Mkutubi, tunayemwita Bibi Nyamaza, alicheka hadi miwani ikamwanguka.

"Mwanangu, mashine haisalimiwi! Ipe neno moja tu. Au fungua orodha ya majarida, ingia tiba ya dharura, upekue toleo kwa toleo."

Nikapekua. Nikakuta makala inayosema aliyekabwa anaweza kuonekana mzima, kumbe mshipa wa shingo umechanika kwa ndani, akapooza au akafa siku kadhaa baadaye. Nikabonyeza ichapishwe.

Hapo hapo nikashikwa nywele kwa nyuma. Shemeji.

"Mke wangu yuko wapi, we bubu?"

Akanipigiza uso mezani. Jino likang'oka. Wasomaji wakabaki wameduwaa. Bibi Nyamaza, anayekataza hata kunong'ona, alipiga ukelele wa kutisha, akamtwanga Shemeji gotini kwa mtungi wa kuzimia moto. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nilifurahi, Mjomba, Mungu anisamehe.

Polisi walipomchukua, nilikimbia nyumbani na damu yangu mdomoni, nikamsomea Mama ile makala. Hakumaliza kuisikia, alishachukua kanga. Hospitali wakamkuta Dada na mpasuko kwenye mshipa. Sasa amelazwa, anapewa dawa ili damu isigande.

Shemeji ameachiwa, yuko kwenye magongo. Anaomba yaishie nyumbani, na baba zetu wadogo wamelegea. Wanangoja neno lako, na Mama atafuata utakalosema. Ukisema Dada arudi kwa mumewe, atarudi.

Makala nimeiweka kwenye bahasha hii. Tafadhali isome kabla hujawapigia. Dada amekatazwa kupaza sauti, kwa hiyo nasema mimi, ambaye sijawahi kukuomba hata kalamu: usimrudishe. Daktari amesema mshipa ule hauwezi kustahimili kukabwa tena, hata kidogo.

Nisalimie Mkazamjomba, mapacha na Babu Miwani. Mungu awafunike nyote kwa mkono wa upole.

Mpwa wako anayekupenda na kukungoja,
Sisimizi