Ngazi Iliyopungua

Jukwaani, 9 Juni

Dada Zulma,

Shikamoo. Mimi mzima, na leo nikisema mzima nahesabu hadi magoti. Kifua chako je? Kuku bado wanalala kwenye boti la marehemu shemeji?

Nimeanza tena kupaka nguzo. Kazi ni ile ile: kuparua kutu, kisha kuizungushia kila nguzo mkanda wa njano pale maji yanapoishia, maboti yasitugonge. Jukwaa letu la kuchimba mafuta baharini lina miguu minane, nami ndiye ninayelipaka rangi kucha. Miaka hamsini na miwili, na hiyo ndiyo kazi yangu.

Lakini sikia: ujana unanirudia. Jana nimepanda ngazi kutoka majini hadi sakafuni bila kupumzika hata mara moja. Vipandio thelathini na vinane! Bwana Hargis, msimamizi wetu, akaniuliza, "We Ovide, umeoa nini huko kwenu Cocodrie?"

Sikukuu ya Watakatifu Wote nitakuja kulipaka chokaa kaburi la Mama, kama kila mwaka. Usiguse brashi. Mwaka ule ulipopaka wewe, Mama alikuwa kama aliyemwagikiwa uji.

Mdogo wako,
Ovide

Cocodrie, 24 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, kuku wazima, bamia zimekubali. Uji ulikuwa mzuri, Mama hakulalamika.

Barua zako naziweka kwenye kopo la kahawa. Nilipofika kwenye hayo magoti yako nilicheka, kisha nikalifungua kopo. Mwaka ulioanza kazi huko ulinililia hivi: "Dada, vipandio arobaini na vinne, nimepumzika mara tatu, nimemwita Mama." Kijana wangu, sita vimekwenda wapi? Usiniambie ni maji kujaa. Bahari yetu hii ikijaa haipandi hata kufika gotini.

Hesabu tena.

Dada yako

Jukwaani, 15 Julai

Dada,

Shikamoo. Mwili mzima, mengine siyajui.

Nimehesabu. Thelathini na vinane. Nikafunga kamba kiunoni, nikashuka majini na suruali ya ndani, wenzangu wakinipigia miluzi. Chini ya mkanda wangu kuna mkanda mwingine wa njano. Chini yake mwingine. Kisha wa nne, umejaa chaza. Yote ni mkono wangu. Kila nilipoukosa wa zamani nilidhani umebanduka, nikachora mpya pale maji yanapoishia. Ujana gani, Dada! Miguu inazama kwenye matope, na mimi naificha kwa rangi.

Nguzo hazinitishi, wimbi hupita katikati yake likaenda zake. Likifika sakafuni ndipo linapokuta ukuta, na ukuta halipiti, linausukuma na kila kilichomo. Ndiyo maana sakafu iliwekwa juu futi arobaini na nne, na kila kipandio ni futi moja.

Nilimweleza Hargis. Akafungua karatasi zake. "Hapa imeandikwa arobaini na nne."

"Ngazi inasema thelathini na nane, bosi."

"Ngazi haina sahihi ya mhandisi."

Kwenye daftari kaandika kwamba mpaka rangi alikosea. Hapo kasema kweli.

Ovide wako

Cocodrie, 2 Agosti

Ovide,

Sina nafasi ya salamu. Rudi nyumbani. Mwambie una mgonjwa. Mwambie nimekufa, sitakasirika. Msimu wa vimbunga ndio huu umeanza, na wewe unamsubiri mtu wa karatasi aamini ngazi?

Dada yako

Jukwaani, 14 Septemba

Dada Zulma,

Shikamoo, na samahani kwa kukaa kimya. Kila wiki nilisema nitarudi wiki ijayo.

Redio imetangaza kimbunga. Boti linawachukua watu, na Hargis anaondoka nalo. Watatu tunabaki kufunga visima. Karatasi zinasema sakafu ni salama. Kati ya wa kubaki Hargis alimtaja Placide, yule mwenzetu mwenye mapacha wa miezi minne. Nikasema nitabaki mimi badala yake. Usinitukane. Mikanda ile hakuichora Placide.

Asubuhi nimehesabu vipandio tena. Idadi sikuambii.

Barua hii ataileta Placide mwenyewe. Mpe kahawa. Chokaa iko chini ya kitanda changu huko nyumbani, kopo la bluu. Usitie maji mengi.

Mdogo wako,
Ovide

Cocodrie, 1 Novemba

Ovide,

Salamu hizi sijui nazituma wapi. Barua niliyokuandikia siku ile ile Placide alipofika imerudi. Nahodha wa boti la barua kasema hakuona wa kumkabidhi. Sakafu haipo, nyinyi watatu hampo. Nguzo zimelala ubavu, na mbili zimenyanyuka juu ya maji. "Bibi," ananiambia, "ile mikanda minne ya njano unaiona kabla hata hujafika." Hargis alipelekwa kuitazama. Wanasema aliihesabu kwa kidole, akairudia.

Placide huja kila Jumapili. Hukaa kwenye kiti chako, hanywi kahawa, huondoka.

Leo makaburini kila mtu alikuwa na brashi yake. Wewe sikupata pa kukupaka. La Mama nimelipaka peke yangu, na maji nimetia mengi. Uji mtupu, mdogo wangu. Njoo ucheke.

Dada yako