Sala Waliyoipa Jina Lako

Yaya Mado,

Wamekutundika ukutani. Nakupa habari hiyo kwanza, usije ukaisikia kwa mwingine. Picha yako iko pale ofisini, juu ya dirisha la keshia, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu ambayo ungeicheka hadi machozi. Ni ile picha ya ubatizo wa mtoto wangu, uliyopigwa umembeba, ukiwa na kitenge chako cha bluu. Mtoto wamemkata, wamebakiza uso wako na kipande cha bega. Chini wameandika kwa herufi kubwa: "Alifanya kazi akiomba."

Wewe! Wewe uliyeitwa mpagani mtaa mzima wa Hewa Bora kwa sababu uliwakataza watu kusali kwenye mikutano ya mikopo! Siku ya kwanza nilipoisoma nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya, hadi keshia akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa nadanganya.

Nakuandikia mimi, Crispin, mdogo wako wa kazini, anayekuita Yaya kama mtu na dada yake mkubwa, yule uliyemfundisha kazi ya mikopo ukianzia miguuni. Unakumbuka? Nilifika siku ya kwanza na viatu vyangu vya ngozi, nimevipiga rangi vinang'aa, nikidhani nitasifiwa. Ukavitazama, ukaingiza mkono kwenye mfuko wako, ukatoa kandambili. "Jirani akisikia bilato ya biro, atajua deni imefika," uliniambia, maana viatu vya ofisi vinasikika nyumba hadi nyumba. Tukaenda kwa wateja na kandambili kwenye lile vumbi jekundu, wewe mbele, mimi nyuma, na ukaninunulia kipande cha chikanda nile njiani kwa sababu uliona nimekasirika. Hadi leo ninazo kandambili kwenye mfuko. Vijana walioajiriwa juzi wananicheka, na mimi nawaacha wacheke.

Nataka nikueleze kilio cha msiba wako kwanza, maana wewe hukukiona, na nina hasira nacho bado. Mkurugenzi wetu alikuja. Alikuja na gari la ofisi, na mashati meupe yenye uso wako na jina la ushirika wetu wa akiba na mikopo mgongoni. Aliyagawa pale uani kwa mama yako, watu wakayavaa. Kisha akaomba kusema. Akasema, "Leo tunapoteza mama ya sala." Nilikuwa nimeshika sahani ya bukari na sombe, nikalirudisha tonge. Huyu huyu! Nilitafuta jicho la mtu yeyote wa ofisini ili tuangaliane tu, tuseme kwa macho, na kila mmoja alikuwa anatazama sahani yake.

Maana tulikuwepo wote siku ile ya kikao, Yaya. Tulikuwa tumekaa na chai. Mkurugenzi alikuwa amegundua jambo, na alilisema kwa furaha kama mtu aliyeokota pesa barabarani: vikundi vinavyoanza mkutano kwa sala vinalipa vizuri zaidi. "Muntu anaweza kukimbia agent," akasema, akitunyooshea kidole sisi maofisa wa mikopo. "Hawezi kukimbia Mungu." Watu wakacheka. Wewe ukaweka kikombe chini. "Chef, Mungu haiko agent wetu." Ulisema polepole, bila kupandisha sauti, na kicheko kikafa. Mimi nilijua pale pale kwamba umekwisha.

Na ulikuwa na sababu, ambayo hukuitangaza. Niitangaze mimi, basi, hata kama wewe unaijua kuliko mimi. Wanawake wale wanakopa kwa kikundi. Mmoja akishindwa kulipa, wenzake wanamlipia, kisha wanamgeukia, wanabeba alichonacho nyumbani. Zamani pale Hewa Bora, uani kwa Mama Véro, rais wa kikundi, walikuwa wanaanza kwa wimbo, kisha Baba Yetu, kisha malipo. Ulikaa nao ukisali pamoja nao kwa muda mrefu. Halafu siku moja kulikuwa na mama mmoja hana kitu, na wote walijua hana kitu, na Mama Véro akamchagua huyo huyo aongoze sala. Kwa makusudi. Yule mama alifika kwenye maneno ya kusamehewa kama tunavyosamehe, akashindwa kuendelea. Alilia mbele ya wenzake, nao wakamsubiri amalize ili wamdai. Ulinyanyuka ukasema basi. "Munaomba Mungu abasamehe, kiisha munaenda kubeba frigo ya mwenzenu? Hapa tunasema ya falanga. Sala iko na fasi yake."

Tangu siku hiyo mkutano ukaanza na swali lako moja: nani iko na shida? Tukakaa, mwenye shida akasema, tukapanga upya. Mara nyingine tulidanganywa, sikatai. Lakini hakuna aliyelia kwenye Baba Yetu tena.

Wakapeleka malalamiko juu yako kila mahali. Kwa paroko, kwa mkurugenzi, sokoni. Huyu mama hana Mungu. Na wewe kila asubuhi ulikuwa umeshatoka misa ya kwanza kabla wao hawajafungua macho! Nilikuambia uwaambie. Ukanijibu, "Ya nini? Misa haiko bulletin ya mushahara, karatasi ya kuonyesha bantu." Nilikukasirikia kwa hilo. Bado nimekukasirikia kidogo. Mtu akinyamaza kiasi hicho, wengine watamwandikia maneno yake, na ndiyo haya wamekuandikia ukutani.

Barua ya uhamisho ilikuja wiki iliyofuata kile kikao. Kambove, kule migodini. Walijua una presha, walijua daktari wako yuko hapa Lubumbashi, walijua mama yako hana mtu mwingine. Ulipanga vitu vyako kwenye mfuko wa mchele ukaniachia kiti chako, kile chenye mguu mfupi, ukaniambia nikiwekee karatasi chini. Kule Kambove nilikupigia simu kila nilipopata salio. Ulikuwa unacheka. Ulinisimulia yule mchimbaji mwenye sauti nzuri ya kuimba, aliyeletwa kwako na wazee wa kanisa, aliyechukua mkopo akapotea nao hadi leo. "Aliimba muzuri, mwana, na mimi nikaanguka," ulisema, ukacheka tena hadi ukakohoa. Sikupenda kile kikohozi. Ukarudi Lubumbashi umelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mtu, na hospitalini hukumaliza hata wiki.

Sasa, hiyo picha ingekuwa picha tu, ningevumilia. Lakini wametunga na sala. Iko kwenye kikaratasi kigumu, ina uso wako upande mmoja, na inaitwa Sala ya Mama Mado. Najua aliyeiandika: karani wa mkurugenzi, mchana, kati ya barua za kuwakumbusha watu madeni. Inamwomba Mungu awape wanachama moyo wa kulipa kwa wakati. Inasomwa kila mkutano, kila mtaa, kabla ya malipo, watu wakiwa wamesimama. Tunaoiongoza ni sisi maofisa wa mikopo. Wamekuchukua wewe, Yaya, wamekufanya kile kitu ulichokataa. Ningekuwa mtu wa matusi ningeyaandika hapa.

Mimi niliikwepa mwanzoni. Nilichelewa kwa makusudi, nikakuta wameshasoma. Jumanne iliyopita haikukwepeka. Mkurugenzi aliniita asubuhi akanipa vikaratasi mkononi: niende Hewa Bora kwa Mama Véro, niongoze sala mimi mwenyewe, kisha nisimamie kikundi kikachukue friji ya Mama Anto.

Mama Anto unamjua, yule wa samaki, anayeongea na mkono kiunoni. Samaki wake walitoka Kilwa yetu ya ziwani kwenye lori, mvua ikanyesha, lori likakwama kwenye tope hadi samaki wakaharibika wote. Alimwaga mzigo mzima porini. Friji ndiyo imebaki, na bila friji hana biashara, na bila biashara hatalipa kamwe. Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza. Nilimweleza mkurugenzi hivyo. Akaniambia kwamba imani ya watu wale inategemea mfano.

Nikaenda na kandambili. Walikuwa wameshapanga viti. Wakasimama, wakainamisha vichwa, vikaratasi mkononi, uso wako umegeuka chini kwenye vidole vyao. Mama Anto alisimama pembeni macho wazi, ananitazama mimi. Wote wakangoja nianze.

Nikakaa, Yaya. Nilikaa kwenye kiti nikasema, "Nani iko na shida?" Sikufanana na wewe hata kidogo. Nikawaambia ukweli: kwamba Mado hakuwahi kusoma sala hii, kwamba hapa hapa uani ndipo alipoikataa sala ya namna hii, kwamba kwa sababu hiyo alipelekwa Kambove, na kwamba wao walisaidia kumpeleka. Kisha Mama Véro akaninyooshea kikaratasi, kile chenye uso wako, akaniambia kwa uchungu wa kweli, "Na weye uko sawasawa na ule Mado!"

Sijawahi kusifiwa vile maishani mwangu.

Natamani nikuambie kwamba waligeuka, kwamba yupo aliyelia. Hapana. Walisali bila mimi. Mama Véro aliongoza, wakasoma kwa sauti kuliko kawaida, na amina yao ilisikika hadi barabarani. Kisha wakaenda kuichukua friji. Niliwafuata, nikawaomba, nikasimama mlangoni kwa Mama Anto, wakanipita pande zote mbili. Wakaipakia kwenye mkokoteni wakaondoka nayo wakiimba. Mama Anto hakupiga kelele. Alitembea nyuma ya mkokoteni, mkono kiunoni, hadi kwenye kona, akasimama pale. Nilimkaribia. Akaniambia, "Rudia ku nyumba yako, baba. Ulisema, inatosha." Alinihurumia yeye, na nilitaka ardhi inimeze.

Nyumbani bibi yangu, mama wa watoto wangu, alikuwa ameshapata habari. "Sala moya tu, Crispin. Ingekuuma wapi?" Alhamisi nilikuta barua mezani kwangu. Unajua inasema wapi. Hata mji hawakubadilisha, hawana ubunifu hawa watu.

Kwa hiyo jana nilipokwenda kuchukua vitu vyangu, nilipanda juu ya kiti chako, kile cha mguu mfupi, mbele ya wateja wote, nikakuteremsha. Keshia alisema, "Crispin, acha." Sikuacha. Nikakufunga kwenye gazeti nikakupeleka kwa mama yako. Fremu nitawarudishia kwa posta wakiitaka.

Mama yako alidhani ofisi imechoka kukuona. Ilibidi nimweleze yote, na alisikiliza akichambua mboga, bila kunitazama. Nilipomaliza alinionyesha kigoda kilicho karibu na mlango wa jikoni. "Alikuwa anaomba hapa," akasema. "Asubui, mbele ya kuenda ku kazi. Anaita majina ya bantu yake, mumoja mumoja. Bale ba deni." Wateja wako wote, Yaya! Kisha akaongeza, "Na ule mukubwa wenu pia. Hata kisha ya barua ya Kambove. Mi nilimuuliza juu ya nini, akanicheka."

Yaya, hilo hukuniambia. Ulinifundisha viatu, ulinifundisha kukaa, ulinifundisha swali. Hilo ulilificha, na sasa nimeachiwa nalo, na nakuambia wazi silitaki. Nilikaa kwenye kigoda hicho jana, mama yako akiendelea na mboga zake. Nilimtaja Mama Anto, rahisi. Nilimtaja bibi yangu. Nikafika kwa Mama Véro, nikakaa hapo muda mrefu, mwishowe jina likatoka, baya baya, lakini limetoka. La mkurugenzi halikutoka. Lilifika kwenye meno nikalimeza.

Naondoka Jumatatu. Bibi na watoto watabaki hapa kwanza, hadi nipate nyumba. Nimefunga vitu kwenye mfuko wa mchele, kandambili ziko juu. Kambove nitafanya kazi kama ulivyonionyesha: nitauliza nani ana shida, na sala yako ile ya karatasi haitasomwa mbele yangu, hata wanihamishe hadi wamalize ramani. Hilo nakuahidi bila kusita. La pili nakuahidi nusu. Mama yako amenipa kigoda, nitakwenda nacho, nitakikalia kila asubuhi, na nitaanza na jina lako, kisha wateja, kisha Mama Véro. Nikifika kwa mkurugenzi nitanyamaza, na sitainuka haraka.

Lala, Yaya. Ukutani hupo tena. Jina la mkurugenzi bado sijalitaja, nisubiri.

Mdogo wako,
Crispin