Wazee Wamegoma Kukaa

Poni, wacha kazi usome hii. Dada Sadiya amejifungia chumbani, hataki kutoka!

Wazee wa mchumba wake Kabiru wamefika kutoka Arua kuleta posa. Viti vimepangwa, chai iko tayari. WAMEGOMA KUKAA. Wamesimama uani na kanzu zao, jua la Koboko linawachoma.

Unakumbuka mchezo wa redio wa Sadiya, wale watu wa msituni aliowatunga? Kwao mgeni hakai mpaka shangazi wa nyumba acheke, ati mtu haoi katika nyumba isiyo na kicheko. Basi Kabiru alisikiliza, akawaambia wazee wake hiyo ndiyo mila ya kwetu!

Na shangazi yetu ni nani? Zuhurah! Zuhurah aliyenuna hata siku ya harusi yake. Mzee mmoja amejaribu kumchekesha kwa hadithi ya mbuzi. Shangazi amemtazama tu: "Huyu mutu iko mgonjwa?"

Poni, bado wamesimama!

Ngoja. Sadiya ametoka. Amepiga magoti mbele yao, machozi yanamtoka. "Wazee wangu, nisameheni. Hiyo si mila ya mtu. Hao watu hawako popote. Niliwatunga mimi, jikoni, nikimenya mihogo."



Halafu shangazi akaanza. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu mtandio ukaanguka. Zuhurah ANACHEKA, Poni! Anashikilia ukuta!

Mzee mkubwa akapangusa jasho, akawageukia wenzake.

"Amecheka. Kaeni."