Sheni Mpya ya Mashini Yako

Baba,

Sheni nimepata. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula.

Ulituacha vibaya, mzee wangu. Homa ilipokulaza, mashini yako ya kukata miti haikuwa na sheni, ule mnyororo wake wa meno. Uliivua mwenyewe, imelika, ukaiweka kando uende nayo sokoni utafute inayofanana nayo. Na mvule wako ulikuwa umelala kwenye njia ya kwenda Wamaza, haujapasuliwa. Basi wewe, uliyepasua mbao za kufunikia kaburi la karibu kila mutu wa mtaa huu, tulikuzika kwa mbao za kuazima. Jirani yetu Mama Zaina ndiye alitoa zile alizoziweka kwa ajili ya mlango wake. Tangu siku ile alifunga nyumba kwa pazia. Kila nikiliona lile pazia moyo uliniuma.

Matanga yalipokwisha, wakagawa vitu vyako. Mashini wakanipa mimi, maana nani angetaka mashini isiyokata? Sheni ya zamani akachukua Baba mudogo Ramazani, akafungia baiskeli yake. Akaniambia, "Ukishindwa kuitembeza mpaka Ijumaa, tunauzisha kwa wachimba dhahabu. Mwanamuke na mashini, wapi na wapi?"

Nikaenda sokoni na hasira zangu. Muuzaji akanitolea sheni ndani ya boiti, kisanduku kizuri cha karatasi: "Dada, hii inaingia mashini zote." Nikaamini boiti. Nyumbani, vile vimeno vya chini vinavyopita kwenye mfereji wa ubapa, lile bamba refu linalozungukwa na sheni, vikakataa kuingia. Vinene! Nikavigonga nyundo kidogo. Usicheke. Muuzaji alipoona alama za nyundo, akakataa kuipokea tena.

Nikakaa chini uani nikalia. Ndipo nikakusikia moyoni, kama zamani: "Boiti inasema ya kwake. Uliza sheni ya zamani."

Asubuhi nikamwomba Baba mudogo tubadilishane, anipe kuukuu yako, achukue hii inayong'aa. Alifurahi huyo! Mpaka leo anaringa nayo mtaani.

Kuukuu nikaivaa shingoni kama ulivyokuwa unaivaa, grisi ikaharibu kitenge changu, na ubapa nikaubana kwapani. Vijana wa pikipiki wakapiga kelele, "Ee, Mama Mashini!" Nikapita. Juu ya meza ya muuzaji nikazilaza mbili mbili, ya zamani na mpya. Moja ilianza sawa, kufika katikati meno yakapishana. Nikairudisha. Nyingine ililingana jino kwa jino, lakini kwenye mfereji ilicheza kama mguu wa mutoto ndani ya kiatu cha baba yake. Nikairudisha. Muuzaji akaguna, "Dada, utanimalizia butiki!" Aende zake. Iliyofuata ikalala sawa toka mwanzo mpaka mwisho, vimeno vikaingia, vikateleza, havikuyumba. Nikavihesabu vyote kwa sauti, vya kuukuu na vya mpya, watu wanasikia. Sawasawa.

Alhamisi, pale kwenye mvule wako, nikavuta kamba. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikavuta tena. Baba, ikalia! Sauti yako ileile ya kila asubuhi. Machozi yalinitoka, lakini mikono sikuiacha ilegee. Ubao wa kwanza ulitoka umepinda, wa pili afadhali, na baadaye ikawa kazi tu. Baba mudogo alikuja kuangalia nitakavyoshindwa. Alisimama, akasimama, mwisho akafungua ile sheni yake inayong'aa na kupakia mbao kwenye baiskeli, bila kuombwa.

Mama Zaina alizipokea kwa mikono miwili. Tukalia wote. Jana fundi alisimamisha mlango, nami nikausukuma mwenyewe. Ukafunga vizuri.

Sasa pumzika, baba yangu. Mungu akupe nafasi kubwa huko. Mashini haiuzwi, Baba mudogo mwenyewe hataji tena habari hiyo. Sheni ya zamani nimeitundika kwenye msumari wako, na siku ya kutafuta nyingine nitaivaa tena, wacheke wanavyotaka. Mutu wa mtaa huu akiondoka, awe nani, nitawasha mashini. Hakuna atakayelala tena chini ya mlango wa jirani. Na zile mbao zilizo juu yako, Baba, tumezilipa kwa mbao za mvule wako. Sasa ni zako.

Mwanao,
Salima