Orodha ya Mafukara

Jumatatu, 4 Novemba 1974
Nimesahihisha madaftari ya darasa la saba. Chaki zimebaki vipande. Mvua hakuna. Uji asubuhi, mchana maji matupu. Mwenyekiti wa kijiji kanipa kazi nyingine: mahindi ya msaada yanakuja, niandike orodha kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kichwa cha karatasi kaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: MAFUKARA. Majina yatasomwa mkutanoni, kila anayetajwa asimame aonekane.

Jumanne, 5 Novemba
Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Watu wanachemsha mizizi na bado hawataki kuandikwa. Mama Kabula ni mjane. Mumewe alifukiwa na shimo la dhahabu huko Geita, ng'ombe wakafa tulipohamishiwa kijijini. Binti yake Kabula ndiye wa kwanza darasani kwangu. Mama akaniuliza fukara ni nini. Nikamwambia ni maskini wa mwisho kabisa.
“Ng'habi,” akasema kwa Kisukuma, kama anatema mate. “Ng'habi hana ng'ombe, hana watu. Mimi nina Kabula. Futa.”
Nilikuwa hata sijaandika.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimempitia Maalimu Idi, fundi cherehani anayesomesha Kurani. Nilitaka kujua neno hili limetoka wapi. Kasema ni Kiarabu. Fakiri ni mmoja, fukara ni wengi. Sisi tumeuchukua ule wingi tukamtwisha mtu mmoja. Na kwamba mbele ya Mungu binadamu wote ni fukara, mfalme na mwombaji. Nikafurahi kama mjinga. Nikadhani nimepata dawa ya aibu.

Jumamosi, 9 Novemba
Mkutano. Niliwaeleza yote ya Maalimu. Neno hili si tusi, nikasema, ni hali yetu sote. Watu wakacheka kidogo, kisha mikono ikaanza kunyooshwa, waandikwe. Hata Mama Kabula akaitikia kwa kichwa. Wa mwisho, lakini akaitikia.
Ndipo Mwenyekiti akasimama. “Mwalimu katufundisha vizuri. Wote ni mafukara. Basi na mimi niandike.” Kisha ndugu yake. Kisha shemeji zake. Kisha katibu. Akaagiza viongozi watangulie juu ya orodha.
Niliandika. Kwa mkono wangu huu.

Jumatano, 13 Novemba
Lori limekuja. Majina yakaitwa kwa mpangilio wa karatasi. Magunia yakaisha kabla ya nusu. Katibu akaendelea kusoma tu, eti utaratibu. Mama Kabula akaitwa fukara mbele ya kijiji kizima, akasimama, akapewa pole. Akaketi taratibu, akajifunika kanga usoni.
Nilimfuata Mwenyekiti nyumbani kwake. Mkewe alikuwa anapepeta mahindi.
“Orodha umeandika wewe, Mwalimu.”
Namchukia. Hajasema uongo.

Ijumaa, 15 Novemba
Kabula hakuja shule.

Jumatatu, 18 Novemba
Hakuja tena. Wenzake wanasema kaposwa na mtu wa Kharumwa, mwenye ng'ombe na ghala. Mzee kuliko marehemu baba yake. Nilikwenda baada ya vipindi. Nikamsihi mama yake amwache kwanza amalize mtihani wa mwisho, wiki chache tu.
“Hizo wiki chache atakula nini, Mwalimu?”
Kabula alikuwa amekaa nyuma ya mlango, nikaiona miguu yake. Nilitaka kusema nitamlisha mimi. Nitamlisha nini? Mshahara upo, dukani hakuna unga. Nikaaga. Njiani nimelia kwa hasira. Maneno yangu mazuri! Mama huyu alikuwa na ukuta mmoja, kukataa kuitwa hivyo. Nimeubomoa mimi, nikawapitisha wezi.

Alhamisi, 21 Novemba
Nimerudisha kazi ya orodha. Mwenyekiti kacheka, kasema atapata mwandiko mwingine.

Jumapili, 24 Novemba
Kabula kaondoka jana asubuhi na wakwe zake. Kanga mpya. Alipita mbele ya nyumba yangu, hakugeuka.
Leo Mama Kabula kaja na bakuli la unga, umetoka kwa mkwewe. Nikamwamkia. Akaitikia. Akaliweka mikononi mwangu.
“Pokea, Mwalimu. Na wewe huna.”
Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasonga ugali. Nikala mpaka ukaisha.